Chen Shui-bian: wakili wa bima ya bahari alifikaje ikulu ya Taiwan, na kinga ya urais ilimwacha wapi?

Mpembuzi

Wakuu, naomba msaada wa wanaoifahamu siasa ya Taiwan kwa undani. Karibu kila maelezo ya Chen Shui-bian yanaruka kutoka "alitetea wapinzani mwaka 1980" hadi "akawa rais mwaka 2000", kisha "akafungwa". Ile miaka 20 ya katikati hakuna anayeigusa, na hata mwisho wenyewe unaelezwa juujuu.

Maswali yangu: wakili wa mambo ya meli aliingiaje kwenye kesi ya uasi iliyosikilizwa na mahakama ya kijeshi? Alipataje urais kwa asilimia 39 tu ya kura? Na kama Katiba ya kwao inampa rais kinga ya kushtakiwa, walimtiaje ndani? Nimeona pia watu wakiandika kwamba alisamehewa. Ni kweli?

Bi Jalada

Mpembuzi, nianze na la kwanza, mengine wenzangu watamalizia.

Chen aliingia Chuo Kikuu cha Taifa cha Taiwan mwaka 1969 kusoma uendeshaji wa biashara, akahamia sheria. Mwaka 1973, akiwa bado mwanafunzi, akafaulu mtihani wa uwakili kwa alama za juu kuliko wote. Mtihani ule wakati huo ulikuwa chujio kali, waliopenya kila mwaka ni wa kuhesabu. Ila ukishapenya una leseni, na una kipato ambacho hakitoki serikalini wala kwenye chama tawala cha Kuomintang. Shika hapo, maana nusu ya jibu lako imekaa hapo. Mwalimu au mtumishi wa umma aliyejitia kwenye upinzani siku zile alipoteza mkate wake. Wakili aliweza kuendelea kula.

Kuanzia 1976 alifanya kazi katika ofisi ya sheria za bahari na biashara mjini Taipei. Kazi yake ilikuwa bima: shehena imelowa njiani, nani analipa, meli mbili zimegongana, lawama igawanywe vipi. Kampuni ya meli ya Evergreen ilikuwa miongoni mwa wateja wake. Kazi yenye fedha, na siasa haimo.

Tarehe 10 Desemba 1979, Siku ya Haki za Binadamu, watu wa jarida la upinzani la Meilidao waliitisha mkutano katika jiji la Kaohsiung. Ukaishia kwenye mapambano na askari, na viongozi wakakamatwa. Zaidi ya 30 walifikishwa mahakama za kiraia, lakini wanane walioonekana vinara walipelekwa mahakama ya kijeshi. Walishtakiwa chini ya kifungu cha 2(1) cha sheria ya kuadhibu uasi, na kifungu hicho kilikuwa na adhabu moja tu: kifo. Tena wiki tatu kabla ya kesi kuanza, tarehe 28 Februari 1980, mama mzazi wa mmoja wa washtakiwa, Lin Yi-hsiung, na mabinti zake wawili mapacha waliuawa nyumbani kwao mchana kweupe, nyumba yenyewe ikiwa chini ya uangalizi wa polisi. Kwa hiyo wakili aliyekubali kesi ile alikuwa anajua anachokikubali.

Waliokubali ni 15. Chen alimtetea Huang Hsin-chieh, mbunge na mchapishaji wa jarida. Inaelezwa alisita, mkewe Wu Shu-chen ndiye aliyemsukuma.

Sasa usidhani walikuwa na nafasi ya kushinda. Waamuzi walikuwa maofisa wa jeshi, na ushahidi mkubwa ulikuwa maungamo yaliyochukuliwa mahabusu baada ya wiki za kuhojiwa. Kilichobadilisha mambo ni kwamba, kwa shinikizo la nje, hasa la Marekani, kesi iliyoanza 18 Machi 1980 ilisikilizwa hadharani. Waandishi wa nje walikuwemo, na magazeti ya Taiwan yakachapisha maswali na majibu ya mahakamani kurasa kwa kurasa. Nchi ilikuwa chini ya sheria ya kijeshi tangu 20 Mei 1949, na hoja za aina hiyo hazikuwahi kusomwa mezani wakati wa chai. Mawakili walikuwa wanamwambia jaji, lakini msikilizaji wao alikuwa nje ya ukumbi. Mwishowe Shih Ming-teh alipata kifungo cha maisha, Huang miaka 14, wengine sita miaka 12 kila mmoja. Hakuna aliyeuawa.

Angalia sasa walikokwenda watu wa ukumbi ule. Upande wa mawakili: Chen akawa rais. Frank Hsieh, Su Tseng-chang na Chang Chun-hsiung wote wakawa mawaziri wakuu, Su na Chang mara mbili kila mmoja. Chiang Peng-chien akawa mwenyekiti wa kwanza wa DPP, chama cha upinzani ambacho ndicho kilikuja kuwa chama cha Chen. Kizimbani alikuwemo Annette Lu, mwanasheria kwa elimu, ambaye baadaye alikuwa makamu wa Chen kwa vipindi vyote viwili. Jengo la kesi, Jingmei, leo ni sehemu ya makumbusho ya haki za binadamu.

Kura Moja

Bi Jalada umeeleza vizuri, ila naona watu huizidishia kesi ya 1980. Kesi ilimpa jina. Kura alizipata kwa sababu ya jinsi uchaguzi ulivyopangwa, na bila kuelewa hilo huwezi kuelewa miaka 14 iliyofuata.

Mwaka 1981 aligombea udiwani wa jiji la Taipei. Hakukuwa na chama cha upinzani, kuanzisha chama kipya kulikatazwa, hivyo wapinzani walijiita *dangwai*, yaani walio nje ya chama. Sasa mfumo: jimbo moja lina viti kadhaa, kila mpiga kura ana kura moja tu, wanaoongoza ndio wanaochukua viti, na kura za ziada hazihamishiki. Chukua jimbo la viti 10. Ukipata zaidi ya fungu moja katika 11, yaani kama asilimia 9 hivi, hakuna hesabu itakayokutoa. Huhitaji kumpendeza kila mtu, unahitaji kundi dogo linalokuamini sana. Wakili aliyesomwa kwenye magazeti kila siku mwaka uliopita alikuwa na kundi hilo tayari. Chen akaingia barazani pamoja na Frank Hsieh, wakili mwenzake wa kesi ileile.

Mfumo huu una ubaya wake. Mgombea nyota wa upande wenu akizoa kura nyingi kupita anazohitaji, mwenzenu anaanguka kwa kura chache, na zile za ziada zimepotea bure. Ndiyo maana vyama vya Taiwan vilibuni kugawana wapiga kura: aliyezaliwa miezi fulani ampigie huyu, au tarakimu ya mwisho ya kitambulisho ielekeze kura. Waliutumia hadi uchaguzi wa Bunge wa 2004. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yakapunguza wabunge kutoka 225 hadi 113 na kuleta majimbo ya kiti kimoja kuanzia 2008.

Turudi kwa Chen. Jambo la pili lililomjenga ni kushindwa mahakamani kama mshtakiwa. Mwaka 1984 jarida la Penglai Island, yeye akiwa mkurugenzi wake, liliandika kwamba kitabu cha msomi mmoja, Feng Hu-hsiang, kilikuwa tafsiri iliyovishwa joho la utunzi. Feng akashtaki kwa kashfa. Januari 1985 Chen, mchapishaji Huang Tien-fu (mdogo wake Huang Hsin-chieh) na mhariri Lee Yi-yang walihukumiwa mwaka mmoja kila mmoja, pamoja na fidia ya dola milioni 2 za Taiwan. Walikata rufaa, ikashuka hadi miezi minane. Ukiwa wakili unajua rufaa inakununulia muda, naye aliutumia: akajiuzulu udiwani, akaenda kugombea uongozi wa kaunti ya Tainan Novemba 1985. Akashindwa. Siku chache baada ya matokeo, walipokuwa wakizunguka kuwashukuru wapiga kura, gari lilimgonga mkewe, na tangu hapo yuko kwenye kiti cha magurudumu. Wafuasi waliamini ni njama, ingawa mahakamani haikuthibitika hivyo.

Juni 1986 akaingia gerezani Tucheng. Wakati yumo ndani, DPP ikaanzishwa 28 Septemba 1986 katika Hoteli ya Grand, Taipei, kinyume cha katazo, na serikali ikaamua kutoivunja. Mwishoni mwa mwaka huohuo Wu Shu-chen akagombea ubunge akashinda. Chen alipotoka mwanzoni mwa 1987 akafanya kazi katika ofisi ya mkewe. Sheria ya kijeshi ikaondolewa 15 Julai 1987, naye akaingia Bungeni mwenyewe 1989, akarudi 1992. Humo alijulikana kwa kamati ya ulinzi, ambako aliibana wizara kwenye manunuzi ya silaha kama wakili anayemhoji shahidi wa upande wa pili: ukurasa gani, bei gani, nani alisaini.

Mpembuzi

Asanteni sana. Kura Moja, endelea hapohapo. Nimesoma kwamba alikuwa meya mwenye sifa kubwa, na bado akaanguka 1998. Halafu miaka miwili baadaye ni rais. Hesabu hizo zinakaaje?

Kura Moja

Zinakaa sawasawa ukiacha kumtazama yeye ukawatazama wapinzani wake.

Meya wa Taipei aliteuliwa na serikali kuu kuanzia 1967. Uchaguzi wa moja kwa moja ulirudi 1994. Wagombea wakuu watatu: Chen alipata asilimia 43.67, Jaw Shaw-kong wa Chama Kipya 30.17, na Huang Ta-chou wa Kuomintang 25.89. Chama Kipya kilikuwa kimemeguka kutoka Kuomintang mwaka mmoja nyuma. Jumlisha hao wawili: asilimia 56. Chen alishinda kwa sababu nyumba ya jirani iligawanyika.

Kama meya alifanya mambo ya kuonekana: aliwabana wenye nyumba za michezo ya kamari, akafuta leseni za madanguro, reli ya kwanza ya mjini ikaanza kazi 1996, na barabara iliyo mbele ya ikulu, iliyobeba jina la kumtukuza Chiang Kai-shek, akaiita Ketagalan, jina la wenyeji wa asili wa bonde la Taipei. Watu walimpenda. Mwaka 1998 kura zake zilipanda kutoka 615,000 hivi hadi 688,000 na asilimia ikafika 45.91. Lakini safari hii wafuasi wa Chama Kipya walimwacha mgombea wao wakaungana na Kuomintang nyuma ya Ma Ying-jeou, aliyepata asilimia 51.13. Kura ziliongezeka, kiti kikaondoka.

Urais sasa. Tangu 1996 rais anachaguliwa moja kwa moja, na sheria haina duru ya pili: anayeongoza, hata kwa kura moja, ndiye. Mwaka 2000 James Soong alitoka Kuomintang akagombea peke yake. Matokeo ya 18 Machi: Chen 39.30, Soong 36.84, Lien Chan wa Kuomintang 23.10. Ni picha ileile ya 1994. Kungekuwa na duru ya pili, nisingeweka shilingi yangu kwa Chen.

Na hapa ndipo wengi hukosea wakisema "wananchi waliiondoa Kuomintang". Waliiondoa ikulu tu. Bungeni Kuomintang na washirika wake, ambao sasa ndio upinzani, walibaki na wingi kwa miaka yote minane ya Chen, na karibu kila lililomkwama lilianzia hapo.

Kifungu 52

Nichukue upande wa sheria, maana ndio unaopotoshwa zaidi.

Kwanza mfano wa mapema, kinu cha nne cha nyuklia. DPP ilikuwa inakipinga tangu zamani. Waziri mkuu wa kwanza wa Chen, Tang Fei, mtu wa Kuomintang, alijiuzulu Oktoba 2000 akiwa na miezi isiyozidi mitano ofisini. Akafuata Chang Chun-hsiung, wakili, na tarehe 27 Oktoba akatangaza ujenzi unasimama. Tatizo: bajeti ilikuwa imeshapitishwa na Bunge kwa mujibu wa sheria. Majaji wa katiba wakatoa Tafsiri Na. 520 tarehe 15 Januari 2001: serikali inaweza kubadili sera, lakini kwa jambo kubwa la namna hii ilipaswa kwenda kutoa taarifa Bungeni, na ina kasoro ya utaratibu ambayo lazima iisahihishe. Bunge likataka ujenzi uendelee, na Februari ukaendelea. Rais wakili na waziri mkuu wakili wameangushwa na utaratibu! Wanasheria wa Taiwan bado wanafundisha kesi hiyo.

Mwaka 2004 nitapita haraka. Risasi ya 19 Machi kule Tainan, Chen akajeruhiwa tumboni na Annette Lu gotini, kesho yake uchaguzi. Chen alishinda kwa kura 29,518, asilimia 50.11 kwa 49.89, huku kura zilizoharibika zikipita 337,000. Wapinzani walifungua kesi mbili tofauti, usizichanganye: moja kutaka uchaguzi wenyewe ubatilishwe, nyingine kutaka ushindi wake ubatilishwe. Kura zikahesabiwa upya Mei. Kesi zote mbili walishindwa hadi Mahakama ya Juu.

Sasa kinga. Kifungu cha 52 cha Katiba kinasema rais hashtakiwi kwa jinai isipokuwa uasi au uhaini, *mpaka* aondolewe au aache madaraka. Watu husoma nusu ya kwanza wakafunga kitabu. Tarehe 3 Novemba 2006 mwendesha mashtaka alimshtaki Wu Shu-chen kuhusu fedha za matumizi maalumu ya rais, dola milioni 14.8 za Taiwan zilizochukuliwa kwa risiti za watu wengine. Kwa Chen mwenyewe, mwendesha mashtaka aliandika kwamba ushahidi upo na hatua zitachukuliwa atakapotoka. Chen akaenda kwa majaji wa katiba, na Juni 2007 ikaja Tafsiri Na. 627: kinga ni kizuizi cha muda katika utaratibu. Haifuti kosa, na haiwazuii wapelelezi kukusanya ushahidi usiomgusa rais mwenyewe.

Kumwondoa kabla ya muda kulijaribiwa. Juni 2006 hoja Bungeni ilihitaji theluthi mbili, kura 148 kati ya 221. Ilipata 119, DPP wakiwa wamesusa kupiga kura.

Tarehe 20 Mei 2008 alikabidhi ofisi, na siku hiyohiyo akazuiwa kutoka nje ya nchi. Agosti alikiri kwamba fedha za kampeni hazikutangazwa zote na kwamba mkewe alipeleka fedha nje, kesho yake akajitoa DPP. Novemba 12 akawekwa mahabusu, Tucheng tena, eneo lilelile la 1986.

Mashtaka yalikuwa mengi, lakini la kujifunza ni lile la ununuzi wa ardhi ya Longtan kwa ajili ya eneo la viwanda vya teknolojia. Utetezi ulikuwa wa kisheria na si wa kijinga: rushwa ni malipo kwa ajili ya kazi iliyo ndani ya mamlaka yako, na kununua ardhi ni kazi ya baraza la mawaziri, si ya rais. Mahakama ya Juu, Novemba 2010, ikasema inatosha kwamba rais ana nguvu halisi ya kulielekeza jambo, hata kama halimo katika orodha ya majukumu yake. Longtan ikampa miaka 11. Wanaomtetea hadi leo wanagombana na hoja hiyo, na pia na jinsi jopo lilivyobadilishwa: Desemba 2008 jaji wa kwanza alimwachia bila dhamana, kesi ikahamishiwa jopo jingine lililokuwa na jalada la mkewe, akarudishwa ndani kabla ya mwaka kwisha. Tafsiri Na. 665 ya Oktoba 2009 ilikubali uhamisho huo, lakini ikaongeza kwamba uzito wa kosa peke yake hautoshi kumweka mtu mahabusu. Binafsi naona hukumu ya Longtan inasimama. Uhamisho ule ulikuwa halali na bado uliipunguzia mahakama heshima bila sababu.

Bi Jalada

Naongeza la mwisho alilouliza Mpembuzi, la msamaha. Kutoka kwake gerezani hakukuwa msamaha. Septemba 2009 alipewa kifungo cha maisha, rufaa ya Juni 2010 ikashusha hadi miaka 20, hukumu za mwisho za 2010 zikaunganishwa kuwa miaka 17 na nusu, na kesi za baadaye zikairudisha jumla kwenye 20. Tarehe 5 Januari 2015 alitoka gereza la Taichung *kwa matibabu* akaenda Kaohsiung. Ruhusa ya namna hiyo hutolewa kwa muda, huongezwa tena na tena, na muda wa kukaa nje hauhesabiwi kama kifungo kilichotumikiwa. Ina masharti pia: asipande jukwaani, asihutubie siasa, asifanye mahojiano. Ndiyo maana utaona ugomvi mdogomdogo kila anapohudhuria chakula cha jioni: je, alikuwa chini au juu ya jukwaa?

Mkanganyiko mwingine unatoka 2022. Bunge lilirekebisha kifungu cha 99-1 cha Sheria ya Hesabu za Serikali, likafuta dhima ya zamani kuhusu zile fedha za matumizi maalumu. Hiyo ilifunga jalada hilo moja, lile la milioni 14.8. Longtan na mengine hayakuguswa.

Mpembuzi

Nimeelewa, asanteni wote. La mwisho dogo: mbona vyanzo vingine vinaandika amezaliwa 1950 na vingine 1951?

Bi Jalada

Vyote viwili vipo. Alizaliwa 12 Oktoba 1950 kijiji cha Hsi-chuang, Kuantien, kaunti ya Tainan. Alikuwa mtoto dhaifu, wazazi hawakuwa na hakika atapona, hivyo hawakumwandikisha hadi 18 Februari 1951. Ukinukuu hati rasmi tumia ya 1951. Ukieleza umri wake tumia ya 1950.